Mizigo Iliyovuka Lumemo

Jumanne, 1 Februari 1955

Nimeanza kazi leo saa moja asubuhi. Kibanda nilichopewa kiko kivukoni, upande wetu wa Libenanga, hatua ishirini kutoka maji yalipo sasa. Karani Melkiori, aliyetumwa na ofisi ya vipimo vya barabara, alinionyesha karatasi zenye safu za watu, mizigo ya kichwa, magunia, baiskeli na mifugo. Kila kinachoingia mtumbwini kwenda Ifakara nakichorea kijiti kimoja. Kazi ni hadi saa kumi jioni, kila siku isipokuwa Jumapili, mpaka mwisho wa Mei. Baadaye wakubwa watatazama vijiti vyangu na kuamua kama inafaa kutujengea daraja la Lumemo na tuta la barabara kukatiza mbuga, ili masika yasitutenge tena na mji.

Walitaka mtu aliyefika darasa la sita na asiyekunywa pombe. Libenanga nzima tulikuwa wawili, na mwenzangu amehamia Mahenge.

Sikumwambia Karani kwamba kibanda hiki nakijua. Mwaka jana, mwezi wa nne, mke wangu Tekla alilala humu siku mbili akisubiri maji yapungue tumpeleke hospitali. Matete ya ukutani yamebadilishwa, ila nguzo ni zile zile.

Watu 31. Mizigo ya kichwa 12. Magunia 4. Baiskeli 1. Mbuzi 2.

Jumatano, 2 Februari

Wengi wamevuka kwenda Misa ya kubariki mishumaa. Nilijiuliza kama mshumaa ni mzigo. Sikuuandika.

Jumamosi, 5 Februari

Donati, mwenye mtumbwi mkubwa, hanyamazi tangu kupambazuka. Leo aliegemea upondo wake wa kusukumia mtumbwi akaniuliza:

"Karani, na mimi unanichorea kijiti?"

"Wewe ni mvushaji. Huhesabiwi."

"Basi leo nimekwenda Ifakara mara saba, na serikali inasema sijatoka nyumbani! Niandikie hivyo kwenye karatasi nimpelekee Digna. Kila siku ananiambia natembea mno."

Digna ni mke wake. Ana mimba ya kwanza, na Donati anaizungumzia kama mtu aliyeichonga mwenyewe kwa shoka.

Jumatano, 9 Februari

Mama mkwe wangu, Kandida, amevuka leo na kapu la kambale wakavu. Nilisimama, nikapisha njia, nikaangalia chini mpaka apite. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi moja kwa moja. Tangu Tekla afariki hakuna aliyekuja kuniambia kwamba heshima hiyo imekwisha, kwa hiyo naiendeleza, naye anaiendeleza. Kwa miaka minane nimemjua kwa miguu yake tu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimelala juu ya mwenzake. Cha Tekla kilikuwa hivyo hivyo, naye akikificha kwa mchanga tulipokaa barazani.

Mzigo wa kichwa, mmoja.

Jumanne, 15 Februari

Karani Melkiori amekuja kuchukua karatasi za wiki mbili. Amevaa viatu vyeusi na soksi ndefu, na kila baada ya hatua tatu alisimama kukung'uta tope. Jumbe wetu, mzee Nikodemu, alikusanya watu wamsikilize. Nilidhani Jumbe ataanza na salamu zake ndefu za kumfurahisha mgeni, ndivyo alivyo. Akauliza moja kwa moja:

"Hilo daraja linategemea nini?"

"Linategemea mizigo, mzee. Serikali haiwezi kumwaga mawe na saruji mahali pasipopita kitu. Lazima ijue mizigo ni mingi kiasi gani."

"Ikiwa mingi?"

"Inaandikwa kuwa ni mingi."

"Na mwisho wake?"

"Mwisho wake ni wa wakubwa. Mimi ni karani."

Watu waliondoka wakizungumza kwa sauti ya chini. Nilisikia neno moja tu likirudiwa, mizigo.

Jumatatu, 21 Februari

Mvua tangu jana mchana. Maji yamepanda hatua tisa.

Jumanne, 22 Februari

Maji yamepanda tena. Mtumbwi umevuka mara mbili tu. Wanawake saba walifika na makapu ya samaki, wakakaa chini ya mvua hadi saa sita, wakarudi. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa mgongoni. Nikashika penseli nikakosa mahali pa kuwaweka.

Jumatano ya Majivu, 23 Februari

Padre hakuweza kufika. Hatukupakwa majivu.

Jumatatu, 28 Februari

Karani amekuja akiwa amebeba viatu mkononi. Nilimwuliza wale wanaofika kivukoni wakashindwa kuvuka niwaandike safu gani.

"Wamevuka?"

"Hawakuvuka."

"Basi hakuna safari hapo, Sebastiani. Aliyerudi hajasafiri."

"Lakini alitaka."

"Karatasi haina safu ya kutaka."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama anayemwonyesha mtu njia. Tulikuwa tumesimama pale pale alipolazwa Tekla, nikafikiri kwamba na yeye, kwa hesabu hiyo, hakuwa msafiri. Alikuwa mtu wa Libenanga aliyebaki Libenanga.

Mwezi wa Februari wote, magunia 96.

Ijumaa, 4 Machi

Magunia 9 kwa siku moja, na maji yamefika kwenye mti uliochomwa na radi. Nashangaa. Msimu huu watu huwa wanalinda kilichobaki ghalani kwa ajili ya kula mpaka mavuno ya Juni.

Jumanne, 8 Machi

Magunia 8. Mama mkwe amevuka na gunia la mpunga. Alilibeba kijana wa jirani, yeye akifuata nyuma. Gunia lina kiraka cha kitambaa cha buluu chenye vidoa vyeupe. Ni gauni la Tekla. Alilivaa siku ya ndoa ya dada yake, likachanika kwapani tulipokuwa tunarudi, akatembea njia nzima ameshikilia mkono ubavuni kama mwenye jipu, huku akicheka.

Jumatatu, 14 Machi

Kiraka cha buluu kimevuka tena.

Jumanne, 15 Machi

Nilimbana Donati asubuhi kabla watu hawajafika.

"Mpunga huu unauzwa wapi? Mjini wananunua mpunga wa Libenanga peke yake?"

Akacheka, kisha akaacha. "Hujui kweli? Mzee Nikodemu amesema kila nyumba itoe gunia moja. Linakwenda kwa zamu, mara moja kwa wiki. Wewe ukifunga karatasi zako saa kumi, mimi nalirudisha. Mpunga unatembea tu, kaka."

"Huo ni uongo, Donati."

"Uongo upo wapi? Gunia limevuka au halijavuka?"

"Limevuka."

"Basi andika limevuka. Hujaulizwa kama limelala huko."

Nilitaka kumjibu, ila watu walianza kufika. Wa kwanza alikuwa mzee Nikodemu mwenyewe, gunia lake likiwa begani mwa mwanawe. Hakunitazama. Mimi nilizoea kumwona mtu wa kujikweza, apendaye kiti cha mbele. Leo nilimwona akipapasa lile gunia kabla halijaingia mtumbwini, kama mtu anayempeleka mwanawe shule ya mbali.

Nikazitazama nguzo za kibanda. Nikachora kijiti.

Jumatano, 16 Machi

Magunia 9.

Alhamisi, 17 Machi

Magunia 8. Nimeandika yote.

Jumamosi, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Nilikuwa na nia ya kuungama kuhusu vijiti, ila Padre bado hajavuka kuja kwetu. Daraja lingekuwapo ningeungama uongo wa kulitafuta daraja. Nimecheka peke yangu, nikaona haya.

Jumanne, 22 Machi

Tumehamisha kibanda nyuma hatua thelathini. Nilisaidia kung'oa nguzo na kuzichimbia upya. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani.

Mvua za siku hizi zinakuja saa tisa au saa kumi, kama vile zinasubiri nifunge kazi. Ndiyo saa ambayo magunia yanarudi. Nilimwambia Donati amfikishie mama mkwe ujumbe, kwamba gunia limelowa, alianike. Jioni Donati akaleta jibu:

"Amesema, 'Mwambieni yeye aandike. Kuanika ni kazi yangu.'"

Aanike kwa jua lipi? Hatujaona jua siku kumi na moja.

Alhamisi, 31 Machi

Karani amechukua karatasi. Alizipitia haraka, nyusi zikapanda.

"Libenanga mna mpunga!"

"Ndiyo, Bwana Karani."

"Bwana mkubwa atazifurahia."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumweleza ukweli. Aliposema hivyo nikayameza. Usiku wote nilijisikia kama niliyebatizwa.

Jumanne, 5 Aprili

Magunia 9. Watu 22. Mtumbwi wa Fransisko, mvushaji mwenzake Donati, umegonga gogo na kupasuka, sasa uko mmoja tu, wa Donati.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Tumesali wenyewe kanisani bila Padre. Mama mkwe alianzisha nyimbo. Nilikaa nyuma ya nguzo ili asilazimike kunikwepa.

Jumatano, 13 Aprili

Naandika Alhamisi asubuhi, jana sikuweza.

Saa nane Donati aliondoka na magunia sita na watu wanne. Mimi nilibaki kivukoni na mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu. Saa tisa kasoro niliona wanawake watatu wanakuja kwenye njia ya matete, wawili wamemshika mmoja katikati. Miguu ya aliyetangulia niliitambua, nikaangalia chini. Nikasikia sauti ya Digna inasema, "Mama, nikae. Mama, niacheni nikae."

Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama mkwe, ambaye amezalisha nusu ya kijiji, alikuwa ameona hawezi, akasema apelekwe Ifakara.

Mtumbwi haukuwepo.

Ng'ambo ilikuwa haionekani vizuri kwa mvua. Nilipanda juu ya mzizi, nikavua shati, nikalipunga. Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Mama mkwe alimwingiza Digna kibandani, nami nikabaki nje. Akazungumza kutoka ndani, na kwa kuwa hakuna mtu wa kumtumia kwangu, alisema na ukuta.

"Ukuta, yatafutwe maji ya moto."

Nikaenda mbio nyumba ya karibu nikaleta maji ya moto.

"Ukuta, yaletwe matambara makavu."

Vitu vikavu vilikuwa blanketi langu na begi la karatasi za serikali. Nikampitishia vyote viwili juu ya matete. Karatasi akazirudisha.

Donati baadaye aliniambia kwamba aliliona shati. Alidhani nacheza, kwa sababu yeye mwenyewe huwa ananipungia. Alikuwa anashusha magunia taratibu yasilowe, akiyafunika kwa mkeka chini ya mti wa ng'ambo. Alipoelewa, upepo ulikuwa umeshaanza. Magogo yalikuwa yanashuka na maji. Safari ya nusu saa ilimchukua karibu saa mbili. Alipofika, mikono ilikuwa inamvuja damu kwa upondo, na hakukuwa tena na haraka.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Digna yu hai.

Mama mkwe alitoka na kumpita Donati, akaenda kunawa majini. Donati aliingia. Nilitarajia kusikia kilio cha mwanamume, lakini nilichosikia ni yeye akimwambia mkewe, "Nimekuja. Nimekuja, Digna. Nilikuwa na magunia." Alirudia hayo hayo, kwamba alikuwa na magunia, mpaka Digna akamwambia anyamaze.

Tulimbeba kwa machela kabla giza halijaingia. Mtoto alibebwa na mama mkwe, amefungwa ndani ya blanketi langu.

Karatasi ya jana inasema hivi. Watu 19. Mizigo ya kichwa 3. Magunia 9. Baiskeli hakuna. Mifugo hakuna. Digna hayumo, mwanawe hayumo. Hawakuvuka.

Ijumaa, 15 Aprili

Hakuna gunia hata moja. Donati hakuja. Mpwa wake ndiye aliyesukuma mtumbwi.

Jumamosi, 16 Aprili

Hakuna gunia.

Jumatatu, 18 Aprili

Donati amerudi. Nilijua atakuja kuniambia mambo ya magunia yamekwisha, nami nilikuwa tayari kumshukuru. Alifunga mtumbwi, akaja mpaka mlangoni, mikono imefungwa matambara.

"Wanaleta magunia kesho," akasema.

"Donati."

"Juzi tulilitaka daraja. Leo tunalihitaji. Andika, Sebastiani. Andika kwelikweli. Nikisikia umeruka gunia moja tutagombana."

Hakuniita karani.

Jumanne, 19 Aprili

Magunia 14.

Jumatano, 20 Aprili

Magunia 15. Kiraka cha buluu kimo. Gunia lilipowekwa chini karibu yangu lilitoa harufu ya kiporo kilichochacha. Mwenye kulibeba alikuwa ameinama kuliko zamani. Mpunga uliolowa una uzito.

Jumamosi, 23 Aprili

Nilikwenda kwa Jumbe baada ya kazi. Nilimkuta anakula viazi mwitu na majani ya maboga, yeye na wajukuu watano, sufuria moja. Nikamwamkia shikamoo, nikasema, "Mzee, mpunga unaharibika. Tusimamishe."

"Uliobaki mzima ni wa siku ngapi?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Mimi najua, maana nimezunguka nyumba zote. Ni wa wiki mbili. Tukisimamisha leo tutakula wiki mbili, tena mpunga wenye uchungu. Tukiendelea, hatuli, ila daraja lina miaka. Ungekuwa wewe ungechagua nini?"

Akanisogezea kiazi. Mwezi uliopita, katika daftari hili, niliandika kwamba ni mtu wa kujikweza. Sifuti, ila nilikosea.

Jumapili, 24 Aprili

Mwaka umetimia tangu Tekla afariki. Nimevuka kwenda Misa yake. Jumapili hatuhesabu, kwa hiyo safari yangu haimo.

Alipenda ukoko wa wali. Aliuficha chini ya kifuniko halafu akasingizia paka. Hatukuwa na paka.

Jumamosi, 30 Aprili

Karani hakuja mwenyewe, alimtuma mtu na barua ya kuchukua karatasi. Aprili yote, magunia 218.

Jumanne, 3 Mei

Mvua imepungua. Magunia 10.

Jumatatu, 9 Mei

Magunia 9. Digna amepita kivukoni kwa mara ya kwanza, kwa miguu yake. Aliniamkia. Nikamwitikia.

Alhamisi, 12 Mei

Jua. Watu wote wameanika mpunga. Kijiji kinanuka.

Jumatano, 18 Mei

Karani Melkiori amekuja. Maji yamerudi nyuma, akaweza kuvaa viatu hadi mlangoni pangu. Alikaa juu ya sanduku la karatasi, akatoa barua akaiweka gotini bila kuifungua.

"Unaweza kuacha kuhesabu leo. Bwana mkubwa ameona vilivyopo vinatosha."

"Amekubali?"

"Ngoja nikueleze taratibu. Februari, kabla ya maji, mlivusha magunia tisini na sita. Aprili, mbuga yote ikiwa bahari, mmevusha mia mbili kumi na nane. Bwana amechora mstari, umepanda hivi." Akainua mkono. "Amesema Libenanga hawazuiwi na maji. Mtumbwi unawatosha, tena masika unawafaa zaidi kuliko kiangazi. Tuta na daraja vitaongeza nini?"

"Lakini ulisema mizigo ikiwa mingi..."

"Nilisema inaandikwa kuwa ni mingi."

"Sasa tungekuwa na michache?"

Alivua kofia. Nywele zake zimeanza mvi, sikuwahi kuziona. "Hawapimi mzigo uliopo, Sebastiani. Wanapima utakaoongezeka. Wanachukua wa sasa, wanakisia wa baadaye, wanautoa huu wa sasa katika ule. Kinachobaki ndicho faida ya barabara. Kama Aprili mngekuwa na magunia kumi, mngekuwa na hoja nzuri sana. Mimi mwenyewe nimejua hayo wiki iliyopita, nilipoona wanavyotoa."

Nikamwambia yote. Nilimweleza gunia kwa kila nyumba, saa kumi jioni, mtumbwi wa Donati, kiraka cha buluu. Nikamwambia na habari ya Digna. Nilisema kwa haraka kama mtoto anayetapika. Alinisikiliza akiwa ameshika barua kwa mikono miwili.

"Nani mwingine anajua?"

"Kijiji kizima."

"Mungu wangu," akasema. "Nikiyapeleka haya watazitupa karatasi zako zote, za kweli na za uongo. Wewe utaulizwa kwa nini uliandika, Jumbe atavuliwa ujumbe. Na daraja halitajengwa, kwa sababu mahali pasipo vipimo hapajengwi kitu. Nisipoyapeleka, halitajengwa vilevile. Chagua."

"Hakuna la kuchagua."

"Hakuna," akakubali.

"Hawawezi kuhesabu tena mwakani?"

"Mwakani wanapima upande mwingine wa bonde. Huko wamesikia mizigo ni michache. Wanatumaini itaongezeka."

Alinyanyuka. Kwa miezi minne nilimhesabu kuwa mtu mkubwa. Leo nilimwona ni mtu anayetembea kwa miguu kati ya wanaouliza na wasiojibu, naye anang'ang'ania soksi zisichafuke. Mlangoni aligeuka akanipa mkono, akaniambia niziweke penseli zilizobaki.

Alhamisi, 19 Mei

Jumbe aliitisha watu nikawaeleza mimi. Niliona ni haki nieleze mimi. Nilisema yote mawili, kwamba mizigo yetu ilihesabiwa mingi mno na kwamba ningeweza kuacha kuandika. Nilingoja matusi. Mzee mmoja aliuliza, "Yaani tungekaa nyumbani na kula mpunga wetu, wangetujengea?" Nikasema pengine. Akasema, "Aa," kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato wakati ameshafika.

Donati alisimama kwa nyuma. Baadaye nilimwona anautia mtumbwi majini kuvua. Amesema hatabeba magunia tena maisha yake, hata ya mavuno.

Jumatatu, 23 Mei

Njia ya mbugani imeanza kukauka. Watu wanavuka kwa miguu, maji yakifika magotini. Wanaonipita kibandani wanasema, "Hutuandiki?" bila kucheka.

Nyumba nyingi zinapika mara moja kwa siku. Mashamba yana rangi nzuri ila punje bado ni maziwa. Ni wiki tatu, labda nne.

Jumatano, 25 Mei

Perege watatu kutoka kwa Donati, wameachwa mlangoni juu ya jani.

Jumamosi, 28 Mei

Leo asubuhi nilipita njia inayokatiza uani kwa mama mkwe. Alikuwa amekata mshono wa gunia na kulimwaga lote juu ya mkeka. Nikapisha pembeni, nikaangalia chini, na huko chini ndiko mpunga ulikokuwa. Umeota ndani ya gunia. Mizizi imeshikana ikawa kama mkeka mwingine, mweupe upande mmoja, mweusi upande mwingine, na machipukizi ya manjano yaliyokosa jua. Miguu yake ilikuwa katikati, anachambua.

Nilitaka kupita. Akasema:

"Sebastiani."

Hajawahi kulitamka jina langu. Nilitazama kama kuna mtu mwingine uani. Hapakuwa na mtu.

"Naam, mama."

"Hili gunia langu uliliandika mara ngapi?"

Sikuhitaji karatasi. "Mara tisa, mama."

Vidole vyake viliendelea kutenganisha mizizi.

"Basi huko kwa wakubwa nina magunia tisa," akasema.

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja ndugu aliyehamia mbali. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nikaketi. Tulichambua mpaka saa sita, tukapata punje zinazofaa kupikwa, kibaba kimoja.